Karatasi ya Mtoto wa Pili

12 Novemba

Dada,

Hujambo huko? Sisi tupo, tunasukuma siku. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu nikipiga nitalia, na mimi nikilia wewe unaanza "haya, haya, haya" mpaka salio linakwisha. Barua nampa kondakta wa basi la asubuhi. Mwambie mlinzi wa ofisini kwenu aipokee, asije akaifanya ya kufungia vitumbua.

Jana nilimpeleka Chiriku kuandikishwa darasa la kwanza. Nimetoka zamu kwenye tanuri la mikate, nimenawa uso tu, unga bado uko kwenye nyusi. Karani wa shule, dada mmoja mpole, akaniuliza kituo nilichojifungulia, namba ya kadi yangu ya kliniki na tarehe ya kuzaliwa mtoto. Akaandika kwenye kompyuta. Akaigeuza ile skrini kidogo, nisiione.

"Mama, labda umekosea tarehe."

"Tarehe ya mtoto wangu nitaikosea vipi?"

Akainama, akaniambia polepole, "Hapa inaonyesha mtoto huyu amefariki. Siku ya nne baada ya kuzaliwa."

Alisema polepole, lakini unamjua Chiriku na masikio yake. Akadakia, "Mama, kwani mimi nilikufa?" Mtu mmoja kwenye foleni akacheka. Chiriku naye akacheka, akajipapasa mashavu kuhakikisha.

Mimi sikucheka, dada. Nilijua anayesemwa ni nani. Ni pacha wake. Na Chiriku hajui kwamba alikuwa na pacha. Mama alisema mtoto asiambiwe, atakua na huzuni isiyo yake, na mimi wakati ule sikuwa na nguvu ya kubishana na mtu. Tukanyamaza mwaka wa kwanza, kunyamaza kukawa mazoea.

Shule wanataka uthibitisho kutoka ofisi ya vizazi na vifo kabla hawajafunga. Nimekwenda, wamenijibu kwamba karatasi za zamani zimeondolewa kabatini, sasa wanasoma kilichomo kwenye mfumo mpya wa kutafutia, na mfumo umesema amekufa. Huo mfumo si ndio kazi yako? Si ndio huo uliotufanya tusikuone sikukuu mbili mfululizo?

Baba Chiriku yuko safarini na lori. Sijamwambia. Nisaidie, dada. Miguu imevimba na kichwa hakifanyi kazi.

Mdogo wako

*

19 Novemba

Mdogo wangu,

Barua imefika, na mlinzi hakuifungia kitu. Pole. Mwambie mwanangu Chiriku kwamba mama yake mkubwa amesema maiti hawaruhusiwi kula mikate mitatu asubuhi, kwa hiyo yeye ni mzima.

Nikueleze kidogo ili ukirudi kwa wale makarani wasikutishe kwa maneno makubwa. Vituo vyote vilikuwa na karatasi za vizazi makabatini. Zimepigwa picha, zikaletwa kwetu. Mimi natengeneza faharasa, kama ile ya mwisho wa kitabu: unaandika unachotafuta, yenyewe inakuonyesha karatasi ilipo. Sasa kila karatasi lazima iwe na ufunguo wake ambao karatasi nyingine haina, kama vile mlango. Waliotangulia walitumia namba ya kadi ya mama peke yake. Balaa tupu! Kila kituo kinaanza kuhesabu kadi zake tangu moja, kwa hiyo mama wa kadi ya arobaini wa hapa aliletewa mtoto wa mama wa arobaini wa kule. Mimi ndiye niliyesema ufunguo uunganishwe: namba ya kituo, namba ya kadi, tarehe ya kuzaliwa, vyote kwa mpigo. Hata kile kistari cha katikati ni changu. Bila kistari, kituo cha 1 kadi ya 23 na kituo cha 12 kadi ya 3 vyote vinasomeka 123, na hapo watoto wanabadilishana mama bila mtu kujua. Bosi alinipigia makofi siku ile. Ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho.

Kwa hiyo ufunguo hauna shida. Nadhani kosa liko kwenye karatasi yenyewe. Ama nesi aliandika karatasi moja tu kwa watoto wawili, ama alitaka kuandika kifo kwenye ya mwingine akaandika kwenye ya Chiriku. Manesi nao ni binadamu, na unajua wodi ile ilivyokuwa imejaa. Kama yule wa pili hakuandikwa, basi hakuandikwa, hilo siwezi kulitengeneza. Lakini la Chiriku nitalishughulikia.

Nisamehe kwa mwandiko. Feni ya ofisini imekufa na mkono unanata kwenye karatasi. Lifti nayo imekufa, napanda ghorofa tano kila siku, nikifika juu sikumbuki nilichofuata.

Kaza roho kidogo.

Dada yako

*

21 Novemba

Kwa binti yangu mkubwa, mimi mama yako nakusalimu, na nakuombea afya na usingizi.

Mdogo wako amenisomea barua yako. Hakunisomea yote, niliona macho yake yakiruka mistari. Tangu siku ile ya shule hali vizuri. Anarudi kutoka kwenye mikate anakaa kitandani na viatu.

Mwanangu, wewe ndiye mwenye ile mashine. Nakuomba jambo moja, na libaki baina yetu. Muweke huyu mtoto aliye hai mahali pake, na habari za yule marehemu uziondoe kabisa zisionekane. Funika kombe mwanaharamu apite. Mtoto yule alikaa duniani siku nne, hakunyonya vizuri hata mara moja, na mdogo wako amembeba miaka yote hii kama jiwe kiunoni. Kidonda kikianza kukauka hakikwanguliwi. Sasa kila atakapokwenda ofisini kutafuta karatasi ya Chiriku aonyeshwe kifo? Mpaka lini?

Usimwambie kwamba nimekuandikia. Tutakuwa tumempumzisha.

Mama yenu

*

27 Novemba

Mdogo wangu,

Habari njema, kwa hiyo nakuandikia fupi. Karatasi ya Chiriku ipo. Haikupotea wala haikuharibika, ilikuwa imefunikwa tu. Nimeirudisha mahali pake kwa mkono wangu mwenyewe. Nenda ofisi ya vizazi siku yoyote, watakupa nakala yenye muhuri. Jina lako, kadi yako, tarehe, kilo mbili na robo, mzima. Peleka shuleni, wakuandikie mtoto.

Mengine ya kiufundi usiniulize, nimechoka hata kuyafikiria. Bosi anataka mfumo uzinduliwe mwanzoni mwa mwaka na mkataba wangu unaisha wakati huo huo. Kila asubuhi anapita mezani kwangu na kikombe chake anauliza "Tumefika?" kama mtoto kwenye basi.

Lala, tafadhali. Na vua viatu ukilala.

Dada yako

*

4 Desemba

Dada,

Chiriku ameandikishwa, wanasubiri tu nakala ya muhuri nitakapoipata. Asante. Hilo nimelisema kwanza ili usije ukasema sina shukrani.

Sasa niambie, nani alikwambia nalala na viatu? Achana nalo, nitalijua tu.

Nilikwenda ofisi ya vizazi kama ulivyosema. Nikakuta dirishani kijana mwenye miwani, akaandika namba zangu, akasema, "Huyu hapa, mzima kabisa." Muhuri ulikuwa umefungiwa kwa mkubwa wao, akaniambia nirudi. Nikamwambia, "Haya. Na sasa nitafutie yule mwingine." Akaniuliza mwingine nani. Nikamwambia nilijifungua pacha, wa pili alifariki. Akatafuta tena. Akatafuta kwa namba yangu, kwa jina langu, kwa tarehe. Akanitazama kwa huruma ile mbaya, akasema, "Mama, ulizaa mmoja."

Nikamwambia mwezi uliopita alikuwemo humu humu. Akasema, "Basi walikuwa wamekosea, wamesharekebisha."

Wamesharekebisha!

Nataka nikuulize kitu, na mimi si mtu wa kompyuta, mimi ni mtu wa mikate. Mwezi uliopita aliyekufa alikuwa kwenye mashine yenu na aliye hai hayupo. Mwezi huu aliye hai yupo na aliyekufa hayupo. Kwani humo ndani pana kiti kimoja? Mmoja akikaa mwingine ainuke?

Na wewe uliniambia hakuandikwa. Aliandikwa, dada. Siku ile shuleni karani alipogeuza skrini niliona kabla haijaisha kugeuka. Niliona "kilo moja na robo tatu". Nilishtuka kwa ajili ya Chiriku, ndiyo, lakini nikikwambia ukweli, kulikuwa na kitu kingine ndani yangu, kama mtu aliyeitwa jina lake sokoni. Maana mimi sina picha yake. Alipozikwa nilikuwa wodini, sikuona hata wamemfunika kwa nguo gani. Nyumbani haruhusiwi kutajwa. Nilikuwa nimeanza kudhani labda niliota. Halafu namwona pale, na uzito wake.

Na wewe umemtoa. Wiki mbili tu amekaa mahali, mkamtoa.

Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nilidhani wanasema hivyo kuhusu watu baki.

Mdogo wako

*

9 Desemba

Mdogo wangu,

Ndiyo. Pana kiti kimoja.

Nimekaa na barua yako muda mrefu nikitafuta namna ya kuanza na sikuipata, kwa hiyo naanza na jibu. Kosa si la nesi. Nesi aliandika karatasi mbili, safi, kila kitu mahali pake. Nimeziona zote mbili. Kosa ni ufunguo. Kituo, kadi ya mama, tarehe. Watoto wako wamezaliwa kituo kimoja, mama mmoja, siku moja. Ufunguo wao ni ule ule. Na mashine ikiletewa karatasi yenye ufunguo inaoujua tayari, haisemi "ngoja, huyu ni mwingine." Inasema "aha, hii ni nakala mpya ya ile ya zamani," inaitoa ya kwanza na kuiweka ya pili. Bila kelele. Bila kumwambia mtu. Karatasi ya Chiriku iliingia kwanza, ya mwenzake ikaingia baada yake ikamwinua. Mimi nilipoona hivyo nikaiingiza tena ya Chiriku, ikamwinua mwenzake. Nilijua ninachofanya. Nilifikiri utapumzika. Niliamua mwenyewe, usimtafute mtu mwingine.

Picha ya karatasi yake haijafutwa, isikie hii kabla ya nyingine zote. Iko ghalani, pamoja na mamilioni ya picha nyingine. Iliyopotea ni njia ya kuifikia tu. Mtu akitafuta haoni.

Na si yeye peke yake. Tangu nipate barua yako nimekuwa nikihesabu. Vituo vinasema vimeleta karatasi nyingi kuliko tulizonazo kwenye faharasa. Tofauti hiyo tuliijua, tukaambizana ni karatasi zilizopigwa picha mara mbili. Nimechukua chache nikazifungua moja moja. Ni pacha, mdogo wangu. Karibu zote ni pacha. Kila nyumba iliyozaa wawili siku moja, mmoja hayupo.

Ufunguo lazima uongezewe kitu. Mwenzangu anayetunza seva, tunamwita Mama Seva, aliniambia niipe kila karatasi namba ya bahati nasibu, haziwezi kugongana. Ni kweli haziwezi, lakini karatasi ile ile ikiletwa tena kesho inapata namba nyingine, na Chiriku mmoja anakuwa Chiriku watatu. Nyumba moja haiwezi kuwavumilia. Ufunguo unatakiwa utoke kwa mtoto mwenyewe, kitu ambacho hakibadiliki hata ukileta karatasi yake mara mia, na ambacho ndugu yake hana. Naona ni mpangilio: nani alitangulia, nani alifuata.

Shida ni kwamba manesi hawaandiki namna moja. Wengine 1 na 2, wengine A na B, wengine hawaandiki kabisa. Kwenye zako, kwenye kona pana wino uliosambaa. Kwa hiyo nina swali, na kama hutaki kulijibu usilijibu. Chumbani mle, walipotoka, nesi alifanya nini? Alijuaje yupi ni yupi? Sikuwahi kukuuliza chochote kuhusu siku ile. Najua.

Dada yako

*

15 Desemba

Dada,

Nilisoma barua yako kwa sauti, uani, Mama akikunja nguo. Nilipofika pale "niliamua mwenyewe, usimtafute mtu mwingine," Mama akaweka shuka chini. Akasema, "Muongo huyo. Mimi ndiye niliyemwandikia."

Hatukusemeshana siku mbili nzima. Unajua nyumba yetu ilivyo, huwezi kumnunia mtu bila kumgonga kiwiko. Tulipishana mlangoni kama magari kwenye daraja jembamba. Chiriku akawa ndiye mjumbe: "Bibi anasema chumvi iko wapi." "Mama anasema iko ilipo." Siku ya tatu akachoka na kazi hiyo, akamkalia bibi yake mapajani, akauliza, "Kwani yule aliyekufa kwenye kompyuta ni nani, kama si mimi?"

Mimi nilikuwa jikoni. Nikabaki na sufuria mkononi. Nilimngoja Mama aseme yale yake, "maneno ya wakubwa hayo." Badala yake akasema, "Mlikuwa wawili. Mwenzio alikuwa mdogo sana, hakuweza."

"Alikuwa mvulana?"

"Msichana. Kama wewe."

"Alikuwa anaongea?"

"Nyie wote mlikuwa mnalia tu. Wewe ulilia zaidi." Basi Mama akaanza kulia yeye. Nilitoka nikamkuta Chiriku anampangusa na pindo la gauni lake, anamwambia "haya, haya, haya." Sijui kalitoa wapi neno hilo.

Sasa swali lako. Nalijibu.

Chiriku alitoka wa kwanza, asubuhi, jua limeshaingia dirishani. Alipiga kelele mpaka mama wa kitanda cha pili akasema huyo atakuwa dalali. Nilidhani nimemaliza. Nesi, yule mnene mwenye pengo, akanibonyeza tumbo akasema, "Tulia mama, kuna mwingine hajabisha hodi." Hakuna aliyeniambia kabla kuwa ni wawili. Nilikuwa nimechoka, dada, nikamwambia siwezi, chukueni huyo mmoja, mwingine mrudisheni. Walicheka wote. Nimeyakumbuka maneno hayo kila siku ya maisha yangu na sijawahi kumwambia mtu.

Alitoka muda mfupi baadaye, kimya. Walimpiga piga mgongoni akatoa sauti ndogo kama mlango. Nesi akachukua plasta nyeupe mbili, akaandika kwa kalamu, akabandika miguuni. Ya Chiriku mstari mmoja, ya mwenzake mistari miwili. Na kwenye karatasi sikumwona akiandika mistari, ila nilimsikia akiuliza saa, mara mbili. Mwenzake akamsomea ukutani. Kwa hiyo saa aliandika. Kama kona imeharibika, tafuta saa.

Nywele alikuwa nazo nyingi, kuliko Chiriku. Hilo halimo kwenye karatasi najua. Nimekuandikia wewe tu.

Mdogo wako

*

29 Desemba

Mdogo wangu,

Saa zipo. Kila karatasi ina saa ya kuzaliwa, hata zile ambazo nesi hakuandika 1 wala A. Barua yako niliisoma nimesimama kwenye ngazi, ghorofa ya tatu, watu wakinipita.

Nikaenda kwa bosi. Niliweka picha mbili mezani pake, ya Chiriku na ya mwenzake, bila kumwambia ni za nani. Nikamweleza ufunguo. Ni mtu mwepesi kuelewa, simsemi vibaya. Akaelewa, na ndipo akakasirika.

"Ufunguo ukibadilika, za zamani hazijibadilishi zenyewe. Ni kuingiza zote upya, tangu ya kwanza."

"Ndiyo."

"Wiki moja kabla ya kuzindua. Kwa ajili ya pacha! Pacha ni wangapi?"

"Wachache. Lakini kila mmoja ana mama."

Akanitazama. "Wewe una mtu humu," akasema. Nikamwambia ninaye. Akasukuma zile picha kunirudishia, akasema hatanizuia, lakini hatanilipa siku hata moja ya ziada, na mfumo ukilala siku ya uzinduzi ataniita mimi kwa jina mbele ya wageni.

Basi wenzetu walipokwenda mapumziko ya mwisho wa mwaka, mimi na Mama Seva tulibaki. Chumba cha seva ni baridi kama jokofu na kinavuma mfululizo, ukitoka masikio bado yanavuma. Alikuja na blanketi mbili na redio isiyosikika. Tulijenga faharasa mpya pembeni ya ile ya zamani ili watu waendelee kutafuta. Kituo, kistari, kadi, kistari, tarehe, kistari, mpangilio. Pale ambapo nesi aliandika mpangilio, tunaufuata, A tunaifanya 1, mistari miwili tunaifanya 2. Pale ambapo hakuandika, mwenye saa ya mapema ni wa kwanza. Mara mbili ilikwama katikati kwa sababu kuna mtu aliyeandika saa kwa maneno, "alfajiri sana." Nilimlaani mtu huyo kisha nikamwombea msamaha, maana ndivyo ilivyokuwa, ilikuwa alfajiri sana.

Halafu hesabu ikaanza kupanda kupita pale ilipokuwa inaishia. Mama Seva akaacha kufuma sweta lake, akasogeza kiti. Kuna kituo kimoja cha mbali kina mama ambaye faharasa ya zamani ilikuwa inampa mtoto mmoja. Mpya ikaleta mistari mitatu. Watatu, mdogo wangu! Tulikaa tukaitazama ile mistari kama watu wanaotazama mpira. Mama Seva akasema, "Huyu mama alikuwa anaambiwa nini madirishani?"

Tangu nitengeneze ule ufunguo wa kwanza niliujaribu kwa mifano mingi sana: kadi zinazofanana, vituo vyenye jina moja, tarehe zilizokosewa. Wa nyumbani kwetu sikuujaribu. Sikuuweka kando makusudi. Haukunijia tu, na ndilo linaloniuma.

Jana tumeihamisha kazi kwenye faharasa mpya. Haijalala. Bosi ametuma ujumbe wa maneno mawili, "Nimeona." Leo ameniambia mkataba wangu hautaongezwa. Hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu anayesema duka limefungwa. Nami sikuwa na nguvu ya kusikitika. Nitakabidhi kazi, nitakuja nyumbani, nilale kwenye kile kitanda cha Mama chenye shimo katikati. Msinipokee na maswali.

Za kwako sijazitafuta. Ningeweza, ni kubonyeza tu. Nimekuachia.

Dada yako

*

9 Januari

Dada,

Tumekuandalia kitanda, na Mama ameziba lile shimo na nguo kuukuu. Kuhusu maswali siwezi kumsemea Chiriku. Ana swali moja: eti ni kweli mama yake mkubwa anafanya kazi ndani ya friji?

Leo tumekwenda ofisi ya vizazi, mimi, Mama na yeye. Mama hakuombwa kuja. Nilipotoka nilimkuta ameshavaa, amekaa kwenye benchi na mkoba wake mapajani, akasema, "Twendeni, kutakuwa na foleni."

Foleni ilikuwepo. Feni zilikuwa zinazunguka bila kutoa upepo, mtoto wa mtu analia, mzee mmoja anagombana na dirisha la vifo kwa sababu wamemwandikia mkewe umri usio wake. Tulisogea, tukasimama, tukasogea. Mama akawa anaegemea ukuta. Nilitaka kumwambia akae lakini niliogopa nikifungua mdomo nitasema turudi nyumbani. Nilikuwa najiambia, kama hayumo, nitamwambia dada kwamba yumo. Nilikuwa nimeshajipanga kusema uongo huo. Ulikuwa umechoka, dada, kwenye barua yako ile. Niliona.

Dirishani alikuwa yule yule kijana wa miwani. Hakunikumbuka. Atakumbuka wangapi? Nikamtajia kituo, kadi, tarehe. Akaandika, akasubiri, akasogeza uso karibu na skrini.

"Mama, wako wawili hapa."

Nikashika ukingo wa dirisha.

"Wa saa tatu na wa saa tatu na robo," akasema. "Siku moja. Unataka ya nani?"

Hakusema kwa huruma wala kwa mshangao. Aliuliza kama anavyouliza mtu yeyote, anataka kujua amalize, nyuma kuna watu. Miaka yote hii, dada, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Mtu nyuma akakohoa. Mama ndiye aliyesogea mbele, akaweka mkoba wake pale dirishani, akasema, "Zote mbili, mwanangu. Ni wake wote wawili."

"Za shule?"

"Moja ya shule," nikasema. "Nyingine ni yangu."

Akazichapa zote, akapiga muhuri huku, akapiga muhuri kule, akazipitisha chini ya kioo na kumwita anayefuata.

Tulikaa kwenye ngazi za nje kwa sababu Mama alikuwa hana miguu tena. Chiriku akazichukua karatasi zote mbili, moja mkono huu, moja mkono ule, akawa anasoma anachoweza, tarakimu tu. Kilo zake. Kilo za mwenzake.

"Alikuwa mwepesi," akasema.

"Ndiyo."

"Ningemshinda mbio."

Mama akasema, "Hujui. Wepesi ndio wanaokimbia."

Akalifikiria hilo. Tukanyanyuka tukaondoka, polepole, yeye ndiye aliyebeba karatasi.

Mdogo wako